Kwa nini surua husubiri miezi tisa

Asubuhi moja katika kliniki ya mama na mtoto, mama aliyempakata mtoto wa wiki kumi alimuuliza mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili swali ambalo hata mimi niliyesimama nyuma yake sikulitarajia. "Dada, mbona hizi nyingine mmemchoma tangu wiki ya sita, halafu ya surua mnasema mpaka afike miezi tisa? Surua yenyewe itamsubiri?" Mwanafunzi yule alikuwa amefaulu vizuri sana mtihani wa mikrobiolojia na kinga ya mwili muhula uliotangulia, na angeweza kutaja aina tano za kingamwili, zile protini za damu zinazokamata vimelea, pamoja na mahali kila moja inapopatikana. Alimtazama mama, akaitazama kadi, akajibu: "Ndivyo ratiba ilivyo, mama."

Hakusema uongo, maana ratiba ndivyo ilivyo. Lakini mama aliuliza sababu, akapewa kanuni, na hapo ndipo lilipo tatizo ambalo nimelishuhudia miaka yote niliyofundisha wanafunzi wa uuguzi. Masomo tunayoyaita ya msingi, yaani jinsi ugonjwa unavyoanza, mwili unavyojikinga, vimelea vinavyoingia na dawa zinavyofanya kazi, tunayafundisha kama ngazi ya chini ambayo mwanafunzi akishaipanda anaiacha nyuma. Anayafaulu mwaka wa kwanza, anawaachia madesa wanaomfuata, kisha anahamia kwenye kile anachokiita uuguzi wenyewe. Mimi nashikilia kwamba uuguzi wenyewe ndio huo aliouacha, na kwamba kipimo cha kuujua ni uwezo wa kumjibu mama yule kwa Kiswahili, pale pale kwenye benchi, bila kufungua daftari. Chuoni hatukipimi kipimo hicho, na naandika haya nikiwa mmoja wa waliokosea.

Jibu la mama lilikuwa jepesi kuliko mwanafunzi alivyodhani. Mtoto akiwa tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, kondo la nyuma humpitishia kingamwili za mama yake za aina ya IgG, nazo humlinda kwa miezi kadhaa dhidi ya magonjwa ambayo mama aliwahi kuyaugua au kuchanjwa. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na ili vimfundishe mtoto kujitengenezea kinga yake, ni lazima kwanza vizaane kidogo mwilini mwake. Vikikuta kingamwili za mama bado ni nyingi, hukamatwa na kumalizwa kabla somo halijaanza. Ndiyo maana tunangoja akiba ya mama ipungue. Penta, ile chanjo ya magonjwa matano kikiwemo kifaduro inayoanza wiki ya sita, haina kimelea hai hata kimoja. Ina sumu zilizovunjwa makali, vimelea vilivyouawa na vipande vya vimelea, kwa hiyo mwili wa mtoto hujifunza hata akiba ya mama ikiwapo, na tena kifaduro huua zaidi watoto wachanga, hivyo kuichelewesha kungekuwa hatari. Msomaji makini ataniuliza kuhusu BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambayo ni hai na hutolewa mtoto akizaliwa tu. Kinga dhidi ya kifua kikuu hutegemea zaidi seli kuliko kingamwili, kwa hiyo akiba aliyoirithi mtoto haiizuii chanjo ile.

Sababu hiyo moja hufungua milango mingine. Katika miezi tisa, takriban watoto 85 kati ya 100 hupata kinga baada ya dozi ya kwanza ya surua. Dozi ya miezi 18 hutolewa hasa ili kuwapata wale ambao ya kwanza haikuwashika. Mara nyingi tunawaambia akina mama kwamba dozi ya pili ni "ya kuongezea nguvu", na mama mwenye shughuli zake, akiona mwanawe ana nguvu za kutosha, haji. Laiti angeambiwa kwamba huenda mtoto wake ni miongoni mwa wale 15, na kwamba hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama, angepanga safari yake kwa namna nyingine. Vilevile mwanafunzi anayeijua sababu hahitaji kukariri kwamba wakati wa mlipuko mtoto wa miezi sita anaweza kuchanjwa na dozi hiyo isihesabiwe, kwa kuwa anaona mwenyewe kwamba hatari imepanda hadi inafaa kujaribu mapema, ila matokeo yake hayawezi kutegemewa.

Kanuni isiyo na sababu haina maisha marefu, na historia ya fani yetu inalithibitisha hilo kwa mfano mchungu. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alibaini kwamba wanawake waliojifungulia katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakifa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko wale wa wodi ya wakunga. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Wakunga hawakuwa na kazi ya maiti. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya chokaa yenye klorini, na vifo vikashuka. Alikuwa na haki kabisa, lakini hakuweza kueleza ni nini hasa kilichobebwa na mikono ile, kwa sababu kazi za wanasayansi Pasteur na Koch kuhusu vijidudu zilikuwa bado hazijafanyika, na wenzake wengi wakampuuza mpaka alipofariki mwaka 1865. Sisi tunayo sababu ambayo yeye hakuwa nayo, na bado tunabandika juu ya sinki bango la hatua za kunawa mikono, tukaondoka tukiamini kwamba tumefundisha. Ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera mwaka 2023, wahudumu wa afya walikuwemo miongoni mwa walioambukizwa. Virusi vile hupitia majimaji ya mwili wa mgonjwa, na anayelijua hilo kwa undani huvaa glovu kabla ya kupewa jina la ugonjwa.

Nikitaka kujua kama misingi imeingia wodini, siulizi maswali. Nachukua mafaili ya wagonjwa na kuipitia safu ya upumuaji katika chati: 20, 20, 20, 20, kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Mzee mwenye nimonia na kijana aliyevunjika mguu kwa bodaboda wote wanapumua mara 20 kwa dakika, asubuhi na jioni, siku tatu mfululizo. Aliyewahi kufanya kazi wodini anajua maana yake, nayo ni kwamba hakuna aliyehesabu. Joto linasomwa kwenye kipimajoto, shinikizo la damu na oksijeni vinasomwa kwenye mashine, lakini pumzi inamtaka mtu asimame kando ya kitanda dakika nzima akitazama kifua cha mwenzake kikipanda na kushuka, na dakika hiyo, katika wodi iliyojaa, inaonekana kama anasa.

Hatuijazi safu ile kwa uvivu peke yake. Tunaijaza hivyo kwa sababu hatukuelezwa kwamba namba ile ndiyo inayopiga kelele mapema kuliko nyingine zote. Maambukizi yanaposambaa katika damu, tishu hukosa oksijeni ya kutosha na kuanza kuzalisha asidi. Ubongo ukiihisi asidi hiyo huamuru mapafu yatoe hewa ya kabonidayoksaidi kwa kasi ili damu irudi katika mizani yake. Mgonjwa anapumua mara 28 huku shinikizo la damu bado ni zuri, anaongea, anaomba chai, na kwa macho ya haraka hana neno. Shinikizo litakapoanguka usiku wa manane, tutasema alibadilika ghafla, ilhali alikuwa akitwambia tangu saa kumi jioni. Kwa mtoto mdogo vipimo ni wazi zaidi: chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno, miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi, mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Wanafunzi wetu wanazijua namba hizo. Wachache ndio wanaoweza kueleza kwa nini kichanga mwenye maambukizi makali anaweza kuwa wa baridi badala ya kuwa na homa, na kwa hiyo wanapomgusa na kumkuta hana joto, wanafarijika pale walipopaswa kuingiwa na hofu.

Jambo jingine dogo linalonikera ni rangi. Kitabu kinataja dalili nne za mwili unaopambana na jeraha au vimelea, kama alivyoziandika Celsus wa Roma zaidi ya miaka elfu moja na mia tisa iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Mwanafunzi anaziandika, anapata alama zake nne, kisha anaingia wodini na kukagua kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa na maji ya mshipa, kwenye mkono wa Msukuma au Mmakonde akitafuta wekundu ambao hatauona. Ngozi yetu inaficha damu iliyojaa chini yake. Tunachoweza kukiona ni mng'ao, weusi uliozidi ule wa pembeni, na tunachoweza kukihisi kwa mgongo wa kidole ni joto na ugumu wa mshipa. Aliyeelewa kwamba wekundu ni mishipa iliyopanuka kupeleka damu na seli nyeupe mahali penye vita atajua kwamba joto linatokana na damu hiyo hiyo, na atatumia mkono pale jicho linaposhindwa. Aliyekariri atasubiri wekundu mpaka usaha utoke.

Homa nayo tumeibebesha mzigo usio wake. Katika Kiswahili chetu cha kila siku neno hilo ni dalili na ni ugonjwa kwa wakati mmoja, na kwa muda mrefu "ana homa" na "ana malaria" zilikuwa sentensi moja. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuja kuzitenganisha, lakini hata chenyewe kinahitaji mtu anayejua kinapima nini. Vingi tunavyovitumia hutafuta protini inayotengenezwa na kimelea cha malaria cha aina ya falsiparamu, na protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Mgonjwa aliyemaliza dawa ya mseto wiki mbili zilizopita, akirudi na homa ya nimonia, kipimo kinaweza kuonyesha mistari miwili. Asiyejua hili atampa mseto mwingine na kumrudisha nyumbani na nimonia yake. Anayejua atamuuliza alitumia dawa lini, atahesabu pumzi zake, na ataomba damu iangaliwe kwa hadubini.

Sasa nije kwenye dawa, maana hapa ndipo muuguzi anapokuwa peke yake kuliko mahali popote. Daktari huandika, mfamasia hutoa, lakini mkono unaosukuma bomba la sindano saa sita usiku ni wa muuguzi. Dozi ya saa sita usiku ina historia yake katika kila wodi niliyopitia. Mgonjwa ameandikiwa penisilini ya mshipa kila baada ya saa sita. Ya alfajiri inatolewa, ya mchana inatolewa, ya jioni inatolewa, na ya usiku wa manane inawekewa alama ya vema kwenye chati, mgonjwa akiwa amelala na bomba la sindano likiwa halijafunguliwa. Muuguzi anajisemea kwamba tatu kati ya nne si haba.

Kwa penisilini, hesabu hiyo ni mbovu. Figo huitoa dawa hii haraka sana, kiasi kwamba nusu yake huondoka katika damu kwa muda wa kama nusu saa, na uwezo wake wa kuua bakteria unategemea muda ambao kiwango chake kinakaa juu ya kile kinachowazuia kuzaana. Kuruka dozi moja ni kuwapa bakteria usiku mzima wa kupumua, na wanaobaki hai hadi alfajiri ni wale waliovumilia zaidi. Gentamisini, antibayotiki nyingine ya sindano, ni kinyume chake: kadiri kilele chake kinavyokuwa juu ndivyo inavyoua zaidi, na athari yake huendelea hata kiwango kikishashuka, kwa hiyo inatosha kutolewa mara moja kwa siku, na kuisambaza bila mpango kunaongeza hatari kwa figo na masikio. Dawa mbili zinapigwa mgonjwa mmoja kwa maambukizi yale yale, na sababu za saa zake zinapingana. Muuguzi anayelijua hilo, akielemewa na zamu, atajua dozi ipi inaweza kusogea saa moja na ipi isiguswe.

Nadhani, na haya ni maoni yangu, kwamba hapa pia ndipo tunapopaswa kutafuta sehemu ya sababu za seftriaksoni, antibayotiki nyingine ya sindano, kugeuka dawa ya kila kitu. Inakaa mwilini muda mrefu, inachomwa mara moja kwa siku, haimwamshi mtu saa sita usiku. Ni rafiki wa zamu yenye watu wachache. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la antibayotiki za kutumiwa kwa uangalifu, lakini wodini inaanzishwa mlangoni, kabla vipimo havijarudi. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa unakadiriwa kuwa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na tunapozungumzia chanzo chake tunamnyooshea kidole mteja wa duka la dawa anayenunua vidonge vinne, tukisahau chati zetu zenye alama za vema za uongo. Tena seftriaksoni hiyo hiyo haipaswi kupewa kichanga wa siku 28 au chini yake ambaye anapata maji ya mshipa yenye kalsiamu, kama yale ya Ringer, kwa sababu viwili hivyo huungana na kuganda, na chembe zake zinaweza kuziba mapafu na figo. Wa mwisho kusimama kati ya chupa mbili hizo na mtoto ni muuguzi.

Nimewasikia wanaosema kwamba haya ni ya madaktari, na kwamba muuguzi akianza kuhoji kila agizo kazi haitaenda. Nimewasikia pia, na hawa nawaelewa zaidi, wakisema kwamba muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 40 hana nafasi ya kutafakari kinga ya mwili. Uhaba wa watumishi ni wa kweli, na hakuna somo litakaloweza kuuziba. Lakini mwenye wagonjwa 40 ndiye anayelazimika kuchagua aanze na nani, aache nini kwa muda, amwamshe daktari kwa ajili ya nani, na uchaguzi huo hauna mwongozo uliobandikwa ukutani. Kuhusu madaktari, mfano wa kifua kikuu unatosha. Rifampisini, mojawapo ya dawa zake, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, na mgonjwa asiyeambiwa mapema huona damu, akaacha dawa. Rifampisini hiyo hiyo huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi. Daktari wa kliniki ya kifua kikuu huenda asijue kwamba mgonjwa wake ana kijiti; muuguzi aliyemwekea kijiti mwezi uliopita na leo anamkabidhi dawa anajua yote mawili. Ni yeye peke yake aliyeingia katika vyumba vyote viwili.

Turudi kwenye lugha, maana naamini humo ndimo lilimofungiwa tatizo letu. Tunafundisha kwa Kiingereza, mwanafunzi anakariri kwa Kiingereza, anajibu mtihani kwa Kiingereza, halafu tunamtuma kwa watu wasiokitumia. Sidai masomo yahamishwe yote kesho. Vitabu havipo, na istilahi nyingi bado zinatafutiwa sura. Nadai jambo dogo zaidi: kila somo la misingi liwe na mtihani wa mdomo kwa Kiswahili, mbele ya mtu asiyekuwa mwana afya, mpishi wa chuo au mlinzi wa getini, ambaye ana ruhusa ya kuuliza "kwa nini" mara tatu. Istilahi za kigeni huficha kutokuelewa kwa ustadi mkubwa, na Kiswahili cha benchini hakifichi. Wamakonde hawakusubiri maabara walipokumbwa na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wao huko Newala. Waliuita ugonjwa ule kwa kile walichokiona ukifanya katika viungo, kile kinachomkunja mtu, na dunia nzima leo inaandika chikungunya. Wanafunzi wetu wanalikariri jina hilo katika orodha ya virusi kana kwamba lilitoka Ulaya.

Mtihani huo wa mdomo nimeujaribu kwa namna isiyo rasmi, bila alama, na mwanafunzi yule wa kliniki alikuwa wa kwanza kujitolea. Alichagua surua. Safari hii alianza na akiba: mama anapomfungashia mtoto chakula cha safari, mtoto hajifunzi kupika mpaka chakula kikaribie kwisha. Mama mmoja wa jirani, ambaye tulimwomba akae kama msikilizaji, aliitikia kwa kichwa, kisha akauliza: "Na aliyezaliwa njiti je? Wangu alitoka na miezi saba." Hilo halikuwemo kwenye desa lolote. Mwanafunzi alinyamaza, akahesabu miezi kwa vidole, akasema kwamba huyo aliondoka kabla hajamaliza kufungashiwa, kwa hiyo akiba yake ni ndogo na itaisha mapema kuliko ya wenzake, naye bado hajafikia umri wa kuchanjwa. Kisha akamuuliza mama kama kaka za mtoto huyo waliopo nyumbani wamemaliza dozi zote mbili.